Inkubeta ya mayai mangapi?

Najua niliahidi kumalizia lile somo la hifadhidata, lakini litangoja kidogo, kwa maana tangu Desemba iliyopita kichwa changu kimejaa mambo ya chuma.

Huko kwetu magharibi mwa Kenya kuna chama cha watu 31, wengi wao akina mama wa sokoni na mafundi wa jua kali, ambao wamekuwa wakiweka akiba tangu 2019. Wamefikisha shilingi 860,000. Wanataka kujenga karakana ya kisasa karibu na soko, mahali ambapo kijana mwenye wazo la kutengeneza kitu atapata mashine, kona ya kufanyia kazi na mtu wa kumwelekeza, mpaka biashara yake isimame. Na nani aandike mpango? Yule mtoto wa mwalimu aliyesomea kompyuta chuo kikuu. Nilikubali upesi mno, jambo ambalo sasa linanitia aibu.

Nilifika kwenye mkutano na kurasa 14 na projekta ya kuazima. Printa mbili za 3D, mashine ya kukata kwa leza, mashine ya kuchonga chuma inayoongozwa na kompyuta. Jambo lote nikaliita inkubeta. Mzee mmoja akasema hata lile gari la Nyayo walionyeshwa mwaka 1990 na hadi leo hajawahi kulipanda. Sawa, hilo nilikuwa nimelitarajia. Ambalo sikulitarajia ni shangazi yangu, aliyeinua mkono na kuuliza:

"Hiyo inkubeta yako itabeba mayai mangapi?"

Watu walicheka, nami nikacheka. Shangazi hakucheka, maana yeye hufuga kuku. "Vifaranga vyangu hutoka siku ya 21," akaendelea. "Yai lisipoanguliwa, najua ni bovu, nalitupa. Hao vijana wako watatoka siku ya ngapi?"

Katika kurasa zote 14 hakukuwa na siku ya kutoka.

Niliporudi Nairobi nilianza kusoma, na nikakuta shangazi amegusa mzizi wa neno lenyewe. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Massey-Harris, ile iliyokuja kuwa Massey Ferguson ya matrekta mekundu tunayoyajua, ilifunga kiwanda chake katika mji mdogo wa Batavia, jimbo la New York. Watu wengi wakabaki bila kazi. Mwaka 1959 familia ya Mancuso ililinunua lile jengo, na Joseph Mancuso, aliyepewa kulisimamia, akakosa mpangaji mmoja wa kulijaza. Basi akaligawa vipande vipande, akawapangisha wafanyabiashara wadogo, akawapa ushauri na huduma za ofisi za kutumia pamoja. Mmoja wa wapangaji wa mwanzo alikuwa mwanguaji wa vifaranga, na Mancuso akaanza kuliita jengo lake inkubeta kwa utani. Utani ukashika dunia nzima! Kwa hiyo shangazi hakukosea hata kidogo.

Januari nikarudi na printa yangu ndogo ili niwaonyeshe kwa macho. Mashine ya mjomba ya kupukuchua mahindi ilikuwa imevunjika puli. Nikaipima, nikaichora kwenye kompyuta, nikaichapa usiku kucha huku nikiomba stima isipotee. Asubuhi tukaifunga watu wakitazama. Haikumaliza dakika kumi. Plastiki niliyotumia ni PLA, ambayo huanza kulegea ikifika nyuzi joto 60 hivi, na mkanda unaoteleza juu ya puli huipasha moto kwa urahisi. Puli ikajikunja kama chapati. Kinachouma zaidi ni kwamba PLA mara nyingi hutengenezwa kwa wanga wa mahindi. Digrii ya sayansi ya kompyuta hainikingi na aibu ya namna hiyo.

Aliyeniokoa ni mjomba. Yeye ni fundi wa kuchomelea, lakini ujanani alifanya kazi na watu wanaoyeyusha vyuma chakavu kutengeneza sufuria. Akaniuliza kama naweza kuchapa puli nyingine, kubwa kidogo kuliko ya kwanza. Nikaongeza ukubwa kwa takriban asilimia 1.3, maana alumini husinyaa ikipoa. Akaifukia kwenye mchanga mbichi, akaushindilia, akaitoa taratibu, akamimina alumini iliyoyeyuka mahali pake. Mimi nilikuwa nikiona printa kama kiwanda. Yeye aliiona kama mtu wa kumchongea mfano, basi.

Lakini puli ile ilihitaji tundu la shafti lililonyooka sawasawa, na hilo linataka mashine ya kukereza, ile mafundi wanaita leithi. Ya karibu iko mjini. Mjomba alikwenda, akakuta foleni, akalala kwa jamaa, akarudi siku ya pili jioni. Siku mbili na nauli kwa tundu moja!

Hapo ndipo nilipoielewa vizuri habari ya Pabal, kijiji kikavu katika jimbo la Maharashtra nchini India. Dakta S. S. Kalbag, mwanasayansi wa vyakula, alianzisha Vigyan Ashram huko mwaka 1983 ili vijana walioacha shule wajifunze kwa kazi: kuchomelea, umeme, ujenzi, kilimo, huku wakiwahudumia wanakijiji wenyewe. Maabara ya mashine za kidijitali iliyoungwa mkono na MIT ilifika 2002. Hesabu mwenyewe, ni miaka 19 ya kuchomelea kabla ya mashine kuongozwa na kompyuta. Mimi nilitaka kuanzia mwisho.

Mpango mpya una kurasa tatu. Leithi ya mtumba, mashine za kuchomelea, sehemu ya kusubu alumini, kompyuta moja yenye FreeCAD ambayo ni ya bure, na printa yangu hiyo hiyo. Stima ya kijijini ni ya fezi moja, na leithi nyingi huja na mota ya fezi tatu. Kwa mota ndogo kuna kifaa cha kielektroniki kinachopokea fezi moja na kutoa tatu, kwa hiyo hatutangoja transfoma mpya. Na siku ya kutoka ipo: miezi 24. Baada ya hapo kodi ya kona inapanda kila mwezi mpaka mtu aondoke mwenyewe. Hilo alilitunga shangazi, nami nimeandika tu.

Kura ni Jumamosi ijayo. Baadhi ya wanachama bado wanaona afadhali wagawane pesa, na siwezi kuwalaumu, zile ni karo za watoto wao. Mjomba amenituma nitafute leithi ya mtumba isiyozidi shilingi 350,000. Ukijua inakouzwa, niandikie kabla ya Ijumaa.