Neno Taifa katika Kurasa Kuukuu

Neno ambalo mtu amelizoea tangu utotoni ndilo gumu zaidi kulisoma katika maandishi ya kale. Neno geni humsimamisha msomaji na kumlazimu kufungua kamusi. Neno la kila siku humpita bila ya kuulizwa litokako. Jambo hili lilimfika mwanafunzi mmoja wa uzamili, mzaliwa wa Mombasa, aliyekuwa akichunguza chimbuko la hisia za kitaifa katika mashairi na barua zilizochapishwa magazetini kabla ya uhuru.

Alianza na Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwezi wa Januari 1923. Kisha akapitia Al-Islah, la Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, lililoanza kutoka Mombasa mwaka wa 1932, na Kwetu, lililoasisiwa na Erica Fiah mjini Dar es Salaam mwaka wa 1937. Kila alipoliona neno taifa alilinakili kwenye kadi pamoja na tarehe yake. Kadi zilipojaa kisanduku, hoja ikajijenga yenyewe: kwamba waandishi hao walikwisha kulitamani taifa moja miaka mingi kabla ya bendera kupandishwa. Sura nzima ya tasnifu ikasimamishwa juu ya msingi huo.

Kilichoibomoa sura hiyo hakikutoka maktabani. Wakati wa likizo alimsomea bibi yake baadhi ya kadi zile, kisha akamwuliza kwa mzaha, "Na sisi, bibi, taifa letu ni lipi?" Bibi akajibu bila ya kusita, "Kilindini. Kwani mamako hakukwambia?"

Bibi hakukosea. Waswahili wa Mombasa tangu kale hujiita Thenashara Taifa. Thalatha Taifa ni Kilindini, Tangana na Changamwe. Tisa Taifa ni Mvita, Jomvu, Kilifi, Mtwapa, Pate, Faza, Shaka, Bajuni na Katwa. Taifa hapo si nchi yenye mipaka na serikali, bali ni jamii ya watu waliofungamana kwa asili, makao na uongozi wao. Wala hilo halikuwa suala la nasaba tupu. Katika miaka ya 1920, Waarabu wa pwani ya Kenya walipopewa haki ya kuchagua mjumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, Thenashara Taifa waliachwa nje. Kwa hiyo, mtu wa Mombasa wa wakati huo aliyetaja taifa lake aghalabu alikuwa akitetea hadhi yake mbele ya serikali, wala hakuwa akiiwazia Kenya.

Mwanafunzi alirudi kwenye kadi zake na kuzisoma upya, safari hii pamoja na sentensi zilizotangulia na zilizofuata. Nyingine zilifuata matumizi ya Biblia, ambamo mataifa ni watu wasiokuwa Wayahudi. Nyingine, hasa zilizotoka Dar es Salaam, zilielekea kwenye maana ya asili na rangi. Huu ndio uhusiano ambao mwanahistoria James Brennan aliuchunguza kwa kina katika kitabu alichokipa jina la neno hilo hilo, Taifa, mwaka wa 2012. Kadi zilizoweza kufasiriwa kwa maana ya leo bila ya mashaka zilikuwa chache, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za miaka ya mwisho ya ukoloni.

Gazeti la Taifa Leo lilipoanza mjini Nairobi mwaka wa 1960, maana mpya ilikuwa imekwisha kushika usukani. Tanganyika ilipata uhuru mwaka wa 1961, Kenya mwaka wa 1963, na neno taifa likawa mali ya dola. Jamii zilizokuwa zikiitwa mataifa zikateremshwa daraja: zikawa makabila au koo, na kuzitaja kwa fahari kukaweza kushukiwa kuwa ni ukabila. Hapana budi mhakiki aitambue gharama ya mabadiliko haya. Anayesoma taifa la mwaka wa 1930 kwa maana ya mwaka wa 1963 hakosei tarehe tu. Huwanyang'anya wenyewe jina walilokuwa nalo, kisha akawasifu kwa wazo ambalo huenda hawakuwa nalo.

Sura iliandikwa upya. Ilipungua kurasa, na madai yake yakawa ya kadiri. Katika kisanduku iliongezwa kadi moja isiyokuwa na jina la gazeti wala toleo. Ina tarehe ya likizo ile, neno Kilindini, na swali la bibi.