Taa ya Oili

Fundi wa kwanza alisikiliza injini ya Probox yetu dakika mbili, akasema imekufa. Mzee, aliyetulipia karo kwa gari hilo, hakujibu kitu. Taa nyekundu ya oili ilikuwa imekataa kuzimika.

Wiki iliyofuata tukaipeleka kwa fundi mwingine, mama wa makamo, Kirinyaga Road. Oili ilitosha. Aling'oa sensa, akafunga geji mahali pake, akaniambia nistati. Presha iko sawa kabisa. Waya wa sensa ulikuwa unaning'inia bila kugusa kitu; taa ingefaa izimike. Wapi!

"Kijana, injini mnaisingizia. Huu waya umechubuka mahali, unagusa chuma."

Tukaufuata, tukapaona. Akazungusha tepu. Taa ikazimika.

Mzee akauliza polepole, "Kwa hivyo kesho naenda kazi?"