Tulipokuwa Tukipanda na Njaa

Utotoni mwangu hapa Kalemie, mji ambao wazee wetu kwa mazoea ya ulimi walikuwa bado wakiuita Albertville, palikuwa na itikadi baina yetu vijana ambayo hakuna aliyethubutu kuihoji, kwamba apandaye jabali na apande tumbo tupu, kwani mwili usio na chakula ni mwepesi na jiwe halimchoshi aliye mwepesi. Kwa itikadi hiyo tuliondoka majumbani alfajiri ya Jumamosi bila ya kutia kitu kinywani, tukaufuata ufuko kuelekea kusini, upande wa Moba, hata tukafika pale mchanga unapokoma na majabali kuingia ziwani, na huko tukashindana kupanda kwa mikono na miguu mitupu, ilhali chini yetu hapakuwa na tandiko ila maji ya Tanganyika.

Mama yangu alikuwa mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Saa ile tulipokuwa tukitoka, wavuvi walikuwa wakirejea na karabai zao, naye tayari yu njiani kwenda kuwapokea, kikapu kichwani. Kila tulipopishana mlangoni alinisihi: "Mwanangu, kula hata kiazi kimoja kwanza." Nami nikimjibu kwa adabu, "Nitakula nikirudi, mama," na moyoni nikiamini kwamba yeye hayajui mambo ya miamba.

Nilikuwa na umri wa miaka 15 siku nilipoanguka. Nilikwisha kupanda kimo cha watu watatu, na njia ile naijua vyema, mara vidole vikaanza kutetemeka vyenyewe, jasho la baridi likanitoka, macho yakaingia giza, na kabla sijatambua nini kinanisibu nikajikuta majini. Ziwa lilinisitiri, alhamdulillahi, kwani mahali pale ni pa kina. Wenzangu niliwaambia kwamba jiwe lilikuwa na utelezi, nao wakasadiki. Lakini hakika ni kwamba tangu adhuhuri ya jana yake sikuwa nimekula chochote.

Miaka mingi baadaye masomo yalinifikisha Nairobi, ambako nilikuta watu walioufanya upandaji huu kuwa riadha yenye kanuni, pamoja na chama chao, Mountain Club of Kenya, kilichoasisiwa mwaka 1949. Niliandamana nao hadi majabali ya Lukenya, na hadi Hell's Gate karibu na Naivasha, ambako nguzo ya jiwe iitwayo Fischer's Tower husimama peke yake bondeni. Kilichonistaajabisha kuliko kamba na vyuma vyao ni kwamba walikula. Saa mbili kabla ya kugusa jiwe walikunywa uji na kula viazi vitamu na mayai, na mikobani walichukua karanga na ndizi mbivu za kutafuna kidogo kidogo mchana kutwa, maji kadhalika, pasipo kungoja kiu.

Ni katika siku hizo nilipopata habari za Felice Benuzzi na Waitaliano wenzake wawili, mateka wa vita kambini Nanyuki, waliotoroka mwaka 1943 ili waupande Mlima Kenya kisha warejee kifungoni kwa hiari yao. Walikuwa wameweka akiba ya chakula kutoka posho yao kwa miezi. Kilele cha Batian kiliwashinda, lakini Benuzzi na mmoja wa wenzake wakafika Lenana, mita 4,985, na waliporudi kambini baada ya siku zipatazo 18 walikuwa wamedhoofu kwa njaa. Kisa hicho nilikisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikumbuka vidole vyangu vikitetemeka juu ya ziwa.

Hata hivyo, baada ya kujifunza kula nilikosa kujifunza subira. Nilijining'iniza kwenye boriti kila siku kwa azma ya kuwapita wenzangu, hata ukanda mdogo ushikao kano ya kidole cha pete ukakatika kwa mlio niliousikia masikioni, nikakaa miezi minne bila ya kupanda. Hapo ndipo nilipofahamishwa kwamba misuli hupata nguvu kwa majuma, bali kano hutaka miezi, kwa kuwa damu izifikiayo ni haba, na kwamba siku ya mapumziko ni sehemu ya mazoezi yenyewe.

Niliporejea Kalemie niliitazama sahani ya mama kwa macho mengine. Bukari, yaani ugali wa muhogo, hutia nguvu ya haraka lakini ina protini kidogo mno. Ndagala, ambaye huliwa mzima pamoja na mifupa yake, huijaza kasoro hiyo, na sombe, yaani majani ya muhogo, huongeza yaliyosalia. (Muhogo mchungu lakini usiharakishwe majini: huko katika jimbo la Kwango, mahali unapokosa kurowekwa barabara, ugonjwa wa konzo umewapoozesha watu miguu.) Biskuti za dukani, ambazo hapo zamani nilizidhani kuwa chakula cha wanariadha, sizichukui tena.

Sasa vijana sita hufuatana nami kwenda majabalini. Hujining'iniza kwenye boriti siku mbili tu kwa juma, na Ijumaa hupumzika. Mama amekuwa mzee, haendi tena ufukoni kuwapokea wavuvi. Lakini alfajiri ya Jumamosi huamka kabla yetu, akachemsha viazi kumi na vinne, viwili kwa kila mtu, na hakuna atokaye mlangoni kabla ya kuvimaliza.