Kusema Kweli kwa Nguvu

Vijana wetu wa leo wana neno la Kiingereza walipendalo mno: "speak truth to power". Waliandika kwenye fulana na mabango, na wakituona twakunja uso hutuambia kuwa sisi wazee twawaogopa wakubwa. Wako na wazazi wasemao kuwa hilo ni neno la Wazungu, lisiingie majumbani mwetu. Twaona pande zote mbili zimefanya haraka.

Ni kweli kwamba neno hili lilipata sifa mwaka 1955, Wakristo wa madhehebu ya Quaker huko Marekani walipolifanya jina la kitabu kidogo cha kutafuta njia isiyo ya vita. Walakini maana yake si ngeni kwetu. Abu Said al-Khudri amepokea kwa Mtume (s.a.w.) kuwa katika jihadi iliyo bora ni neno la haki mbele ya mtawala dhalimu.

Tuliwataka wanafunzi wetu walifasiri neno lile kwa Kiswahili. Mmoja akaandika, "Sema kweli kwa nguvu." Hakuacha hata neno moja, na maana yote ikapotea! Maana asikiaye hivyo hufahamu kwamba apaze sauti. Na hakika ndivyo wengi wafanyavyo. Hadithi yasema "mbele ya" mtawala: uso kwa uso, naye akujue u nani. Kumtukana mtu kwenye simu kwa jina la kuazima hakumo humo.

Marwan bin al-Hakam alipotanguliza hotuba kabla ya Sala ya Idi, mtu mmoja aliinuka akamwambia kuwa Sala hutangulia hotuba. Maneno machache tu, na jambo lenyewe alijua kwa yakini. Abu Said, aliyekuwapo, akasema kuwa mtu yule ametimiza wajibu wake.

Nanyi wazazi, msikimbilie aya za upole ili mwazibe watoto vinywa. Musa na Haruni waliamrishwa wamwambie Firauni maneno laini, lakini waliamrishwa waende. Mtoto akikwambia kwa adabu, "Baba, deni la muuza duka hatujalipa," naye akapigwa kofi, atajifunza wapi kusimama mbele ya mkubwa mwingine? Hata sisi walimu, wenye bakora mkononi, tu katika hao wenye mamlaka.