Wakubwa wanauza, mama afanyeje?

Nimepotea kidogo, nilikuwa nyumbani Matogoro, Songea, chini ya milima ileile unakoanzia mto Ruvuma. Nimekuta bati la jiko la mama bado halijashika kutu. Kila nikilitazama, moyo unaniuma. Ngoja niwasimulie.

Mwaka 2009, benki ya CRDB ilipouza hisa kwa wananchi kwa shilingi 150 kila moja, mama, mwalimu wa shule ya msingi, alinunua 2,000. Zilipanda, kisha zikateremka, na mwaka 2019 bei ikawa chini ya ile aliyonunulia. Akanipigia simu: "Mwanangu, wewe ndiye mwandishi wa habari. Niuze au nisubiri?"

Nikajifanya mjuzi. Nikafungua taarifa ya wiki ya Soko la Hisa la Dar es Salaam, nikaona sehemu kubwa ya mauzo imetoka kwa wawekezaji wa kigeni. Nikamjibu, "Mama, wakubwa wanauza. Uza."

Bahati nzuri mama ni mwalimu, haamini jibu lisiloonyesha njia. Akauza 1,000 tu. Hela haikufika hata laki na nusu, akaezekea jiko.

Nilikosea mara tatu. Kwanza, kila hisa iliyouzwa ina mtu aliyeinunua, nami sikutazama upande wa wanunuzi. Pili, asilimia zile zilikuwa za soko zima. Furushi moja la hisa za kampuni nyingine kabisa, wakubwa wawili wakishapatana bei, linatosha kuzigeuza. Tatu, mfuko wa nje unaweza kuuza kwa sababu zake wenyewe: wenye fedha wanazitaka kwao, basi.

Niliopaswa kuwatazama walikuwa kwenye taarifa ya mwaka ya benki, katika jedwali la wanahisa wakubwa. Mfuko wa DANIDA ulikuwa na kama asilimia 21. PSSSF, iliyozaliwa 2018 mifuko ya pensheni ilipounganishwa, ilikuwa na kama 13. Ukiweka jedwali la mwaka huu kando ya la mwaka jana, unaona nani kaongeza, nani kapunguza. Jedwali huchelewa, lakini lina majina. Na hao wawili hawakuwa wameondoka!

Mwaka 2024 hisa ile ilivuka shilingi 500. Pigeni hesabu wenyewe, mimi nimechoka kuipiga.

Safari hii nikamwomba mama radhi. Akacheka, akanimiminia chai. "Jiko halivuji, mwanangu. Ila zile elfu moja zilizobaki, usiniambie tena wakubwa wanauza mpaka unitajie ni akina nani."