Takawiri: Safari ya Pikipiki, Feri na Amana Moja



Chuo chetu kilipofungwa kwa likizo, tulipata mwaliko wa mwanafunzi wetu wa zamani ambaye leo asomesha watoto mjini Kisumu. Tulipanda gari la moshi kutoka Mombasa hadi Nairobi, na kutoka hapo tukachukua basi. Baada ya siku tatu za kuwasikiliza watoto wake wakisoma, tulimwomba atuazime pikipiki yake. Siku nyingi tulikuwa na hamu ya kukiona kisiwa kiitwacho Takawiri, kilichoko katika Ziwa Victoria, kaunti ya Homa Bay. Aliitazama mvi ya ndevu zetu, akatabasamu, akatupa ufunguo pamoja na kofia ngumu ya kichwani.

Lakini safari hii ilikuwa na sharti lililowekwa Mombasa. Wasomaji wenye umri wataikumbuka Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka asubuhi ikielekea kisiwani, na watu 272 wakafikwa na mauti. Mmoja wao alikuwa ndugu mdogo wa mwenzetu wa nyumbani. Tangu siku hiyo yeye hajakanyaga feri. Arusi na matanga ya ng'ambo ya Likoni humfikia kwa habari tu, na watoto wetu wamekua wakijua kwamba kwa jamaa za mama yao huenda na baba.

Hakutukataza kusafiri. Alitutilia nguo mkobani, akasema: "Bwana, ukipanda chombo chochote cha majini, vaa boya. Sikuombi lingine." Tukamwahidi, na ahadi ni deni.

Tuliondoka Kisumu baada ya swala ya alfajiri, kanzu ikiwa imekunjwa mkobani. Barabara hupita Kisian ikaelekea upande wa Bondo, na hapo Ndori mtu huiacha akateremka hadi Luanda Kotieno, ukingoni mwa ziwa. Vijana wa bodaboda walitupita wakiwa na abiria wawili wawili na magunia juu yake. Sisi tulikwenda mwendo wa mtu mzima, tukipisha mbuzi na watoto wa skuli.

Aliyezoea Likoni ataiona feri ya Luanda Kotieno kuwa jambo jingine. Likoni mvukaji kwa miguu halipi, husimama amebanwa, na kabla hajamaliza salamu za jirani amefika. Huku twakata nauli, twakaa, na twavuka mdomo wa Ghuba ya Winam kwa muda wa kama saa moja. Nyuma yako yabaki Siaya, mbele yako vyajitokeza vilima vya Mbita, na upande wa magharibi maji yaenda mpaka macho yakachoka. Si ajabu, kwani ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na nchi tatu zaligawana.

Tuliulizia boya, tukaonyeshwa mahali yalipowekwa, tukavaa. Katika waliosimama karibu nasi hapana mwengine aliyevaa. Vijana wawili waliokuwa wakizilinda pikipiki zao walitutazama, wakanong'onezana, wakacheka. Tulijitia hatukuona. Lakini kicheko kile, ndugu wasomaji, kilituingia, na athari yake itaonekana punde.

Mbita ni mji wa samaki na wa wasafiri. Kutoka hapo daraja fupi lakufikisha kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Wenyeji wa asili wa visiwa hivi ni Wasuba, watu wa asili ya Kibantu ambao wazee wao walikuja kutoka upande wa Uganda. Hii leo wengi wao wasema Kijaluo, na lugha yao ya mababu imebaki kwa wachache. Sisi wa pwani, ambao watoto wetu wameanza kuona haya kusema Kimvita na Kiamu, tuna la kujifunza hapo.

Pikipiki tuliiacha uani kwa mfanyabiashara mmoja, tukavaa kanzu yetu na kofia, tukateremka pwani kutafuta boti ya Takawiri. Nahodha alikuwa kijana mpole. Aligawa majaketi ya kuokoa maisha, moja kwa kila abiria. Letu lilikuwa na unyevu na harufu ya omena. Tukaitazama kanzu nyeupe, tukakikumbuka kicheko cha kwenye feri, tukaliweka jaketi miguuni. Nahodha alipotuashiria tulivae, tulimjibu kwa sauti ya mtu anayesomesha: "Tumeshamtegemea Mungu, mwanangu."

Mkabala nasi alikaa mama wa Kijaluo wa umri wa miaka sitini hivi, mfanyabiashara wa omena, miguu yake juu ya gunia tupu. Alikuwa amelifunga lake kamba zote tatu. Akatuambia kwa Kiswahili cha bara, bila ukali: "Mzee, vaa. Hata mimi namtegemea. Mungu hakasiriki ukivaa."

Boti nzima ilinyamaza. Mimbarini na chuoni tumelieleza mara nyingi lile tukio la bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga, kwa kuwa amemtegemea Mwenyezi Mungu, na namna Mtume (S.A.W.) alivyomwelekeza amfunge kwanza kisha ndipo ategemee. Watoto wa miaka saba wa chuoni kwetu walijua hilo. Na hapa mama asiyekaa chuoni hata siku moja alikuwa akitusomesha somo letu wenyewe. Tuliliokota jaketi, tukalivaa juu ya kanzu. Yeye mwenyewe akainama akatufunga kamba ya chini ambayo mikono yetu haikuizoea.

Tulipotoka kwenye kinga ya Rusinga, upepo wa alasiri ulikuwa umekwishaamka. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na ya karibu karibu, hayampi mtu nafasi ya kupumua kama yale ya bahari ya kusi. Maji yaliturukia, boti ikapiga kishindo, na ulimi wetu ukarudi kwenye dua ya safari. Hapana lililotufika, alhamdulillahi. Ila katika kishindo kile tuliona wazi kwamba tungalizama, mwenzetu angalipata msiba wa pili wa majini, na angaliambiwa kwamba boya lilikuwa pale pale miguuni.

Tulipokaribia ufuko, mama yule alisema, akiwa ameelekeza macho majini: "Ziwa lilinichukulia kijana wangu. Alikuwa fundi wa kuogelea." Hakuongeza neno, nasi tukamwombea subira.

Takawiri ni kisiwa kidogo chenye mchanga mweupe ambao kwa mbali ungedhani ni Diani, na miti ya jamii ya minazi iliyoinama kuelekea majini. Ng'ambo yake chasimama kisiwa cha Mfangano na mlima wake wa Kwitutu. Tulitawadha kwa maji ya ziwa, na mdomo ulishangaa kutoonja chumvi. Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini moja kwa moja. Huku mtu huegemea mashariki kidogo. Tukaswali rakaa mbili za msafiri mchangani, na watoto walisimama mbali kwa adabu mpaka tulipotoa salamu.

Tulilala kwa jamaa wa nahodha. Usiku usio na mwezi, wavuvi wa omena hutoka na taa zao, kwa kuwa samaki hao huvutwa na mwanga. Ukitazama kutoka ufukweni wadhani mji mzima umejengwa juu ya maji. Kila taa ni nyumba moja inayongoja baba au kijana arudi. Asubuhi wanawake walianika omena juu ya nyavu mchangani, wakizigeuza kwa mikono, wakiwafukuza ndege. Omena tunazonunua kwa kopo sokoni huenda zimepita katika mikono kama hiyo. Mama yetu wa botini alikuwepo, akatuinulia mkono. Nasi tukamwinulia.

Kurudi tulipita njia ya Homa Bay na Kendu Bay, ambako kuna Waislamu wa Kijaluo wa tangu zamani, tukaswali adhuhuri pamoja nao. Karibu na hapo kuna ziwa dogo la chumvi liitwalo Simbi Nyaima. Wenyeji husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji kilichokuwa katika karamu usiku mmoja, akaja ajuza mwenye njaa, akafukuzwa kila mlango. Mwanamke mmoja tu alimkirimu. Ajuza akamwambia ahame na watu wake, na usiku ule ule ikanyesha mvua iliyokididimiza kijiji kizima. Tulisimama juu ya ukingo tukimkumbuka mama wa botini. Neno la kuokoa huja kwa mdomo tusioutarajia, na mara nyingi ni mdomo wa mwanamke mzee ambaye hapana aliyemwomba rai.

Tulipofika nyumbani tulimsimulia mwenzetu yote, pamoja na lile la aibu. Tulidhani atatulaumu. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Mama huyo aitwa nani?"

Hatukuwa na jibu. Tulikaa naye boti moja, akatufunga kamba kwa mikono yake, akatutajia msiba wake, nasi hatukumwuliza jina. Mwenzetu aliinuka, akafungua kabati, akatoa doti mpya ya leso, akaiweka kando. Alisema ni ya mama wa Takawiri, na kwamba mtu aliyempa mumewe hadhari ile hastahiki kubaki bila jina nyumbani mwetu. Hajasema kama ataipeleka mwenyewe, wala hajasema kama atapanda feri. Hatumharakishi. Leso ipo.

Mama zetu na dada zetu, mnapowapeleka watoto ng'ambo, iwe Likoni, Lamu au Pate, ulizieni boya na mvae, hata mkichekwa. Kutegemea Mwenyezi Mungu hakuharibiwi na kamba tatu zilizofungwa vizuri. Mola awarehemu waliochukuliwa na maji, awape subira waliobaki, na awarejeshe salama wote walio safarini. Amin.