Fremu ya Bamia na Amana ya Mama

Leo tumekusudia kukuelezeni namna ya kupamba fremu ya picha kwa mkono, kwa vitu vilivyomo jikoni na kwenye kikapu cha cherehani. Lakini fremu yetu ina kisa, na kisa chenyewe kinaanza na kosa letu. Tukikificha, tutakuwa tumekupeni nusu ya habari.

Sisi ni ndugu watatu wa tumbo moja, wazaliwa wa Kikwajuni, Unguja. Riziki imetuvusha bahari na sasa tunaishi Boko, kando ya barabara ya Bagamoyo, ukishaipita Tegeta kabla hujafika Bunju. Mama yetu amebaki nyumbani Unguja. Anayo picha moja tu aliyopiga na marehemu baba, Allah amrehemu. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, ya mwaka 1976, siku chache baada ya kutoka fungate. Mama amekaa kwenye kiti, baba amesimama nyuma yake na mkono ameuweka juu ya kiti. Zama hizo watu hawakuwa na kamera mikononi. Mtu akijipamba akaenda studio mjini, kama Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, na picha moja ikatosha kwa umri mzima.

Siku moja mama alitukabidhi picha ile akatuambia, "Katoeni nakala, kila mmoja awe na yake, kisha mnirudishie yangu." Tukaichukua, tukaitia kwenye droo ya chini ya kabati. Kila akipiga simu kuuliza, jibu letu lilikuwa moja: bado, mama, wiki ijayo inshaAllah. Ikapita wiki, ukapita mwezi, ukapita mwaka.

Ikaja masika ya 2024. Wakaazi wa Boko mnaijua mvua ile. Maji yaliingia usiku. Tukabeba watoto, tukabeba godoro, tukanyanyua gunia la mchele. Droo ya chini hakuna aliyeikumbuka mpaka asubuhi.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu hili laweza kumfika yeyote. Picha ya karatasi ikirowa, usiifute kwa kitambaa wala usiianike juani. Isuuze taratibu kwa maji safi ya baridi ili matope yatoke, usiguse uso wake, kisha ilaze kivulini uso ukiwa juu mpaka ikauke. Ikiwa imegandana na kioo, usiibandue kwa nguvu, utabandua na sura. Ipige picha hivyo hivyo juu ya kioo. Sisi siku ile hatukujua. Mmoja wetu aliipangusa kwa upindo wa kanga, na upande wote wa kushoto ukafutika: bega la baba, ubavu wake na ule mkono uliokuwa juu ya kiti. Nyuso zao zimesalimika, alhamdulillah.

Basi tukala shauri. Tutamtengenezea mama fremu nzuri, na ubao wa kushoto tutaufanya mpana ili ulifunike lile doa. Hatukusema tunaficha. Tulisema tunapamba.

Kwa fundi seremala wa mtaani tulipata vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kazi ya kitanda. Akatukatia pembe za nyuzi 45 zikutane sawasawa, akachimba mfereji nyuma wa kukalia kioo, akaunga kwa gundi ya mbao na misumari midogo. Pande tatu zilikuwa na upana wa inchi 2, na wa kushoto inchi 3 na nusu. Tukapiga msasa mpaka mkono ukapita bila kukwaruzwa, tukapaka rangi nyeupe ya maji mikono miwili, tukaacha ikauke usiku kucha.

Kwa mapambo tuliiga kisutu. Kila mwanamke wa pwani anakijua: nyekundu, nyeusi na nyeupe, kanga ya bibi harusi, na vile vya asili havina maandishi. Tunacho kipande cha kisutu cha harusi ya mama, kimechakaa lakini rangi ipo. Kabla ya kanga kuchapwa viwandani, watu wa pwani walipiga nguo chapa kwa mkono, kwa vibao vya mti vilivyochongwa. Kwa hivyo kupiga chapa si jambo geni kwetu, ni kazi ya mabibi zetu.

Kibao cha mti hatukuwa nacho, tukatumia kiazi mbatata. Kikate katikati kwa kisu kikali, mkato mmoja ili uso uwe bapa. Chora umbo kwa kalamu, sisi tulichora korosho, halafu punguza pembeni ili umbo libaki limeinuka kama nusu inchi. Kifute kwa kitambaa kikavu, kwani maji ya kiazi yanaifanya rangi iwe nyepesi na itiririke. Usikichovye. Paka rangi kwenye kipande cha sponji, kigonge kiazi juu yake, kisha kikandamize kwenye ubao na ukinyanyue moja kwa moja bila kukisogeza. Jaribu kwanza kwenye gazeti mara tatu nne.

Maua yalitoka kwenye bamia. Ikate bamia kwa upana, utaona ua lenye pembe tano limeshachongwa na Mola wake, wewe huna kazi ila kulitia rangi. Chagua iliyokomaa kidogo, changa huteleza na kupondeka. Tulizungusha maua mekundu ya bamia na korosho nyeusi katikati yake. Watoto walitaka kupiga chapa ukuta mzima.

Ilipokauka tukapaka vanishi isiyo na rangi, kisha tukaingia kwenye urembo. Tulizungushia ukingo wa ndani kamba nyembamba ya usumba iliyotoka Unguja. Mnajua kazi ya kamba ile: wanawake hufukia makumbi mchangani pwani miezi kadhaa, wakayafukua, wakayatwanga, wakasokota. Kwenye pembe nne tulibandika ushanga mwekundu na vifungo vya kanzu kuukuu ya baba. Makombe hatukuyatia. Mengi yanayouzwa yametolewa baharini yakiwa hai, na fremu haihitaji roho ya mtu wala ya konokono.

Ikabaki kuitia picha. Tulipoiweka, doa likatoweka lote chini ya ubao. Tukafurahi. Ndipo mdogo wetu, ambaye husema machache, akauliza, "Sasa mama akiuliza mkono wa baba uko wapi, tutamwambia fundi ameufunika?"

Hatukuwa na jibu. Picha ile ilikuwa amana. Allah ametuamrisha katika Suratun Nisaa kuzirudisha amana kwa wenyewe, na sisi tulikuwa tunarudisha amana iliyoharibika huku tumeivisha nguo ya sikukuu. Uzuri wote wa ubao ule ulikuwa unasema uongo kwa niaba yetu.

Tukairudisha kwa fundi, akaupunguza ule upande mpaka inchi 2 kama wenzake. Alishangaa tunamwambia akate maua. Tukapaka upya na kupiga chapa upya kwa kiazi kingine, na nyekundu ya pili haikufanana na ya kwanza. Mpaka leo ukiitazama fremu utaona upande wa kushoto umekoza zaidi. Kabla ya kuifunga tuliipiga picha kwa simu, kila mmoja akatoa nakala yake, pamoja na doa lake.

Tulivuka kwa boti, fremu tumeifunga kwenye kile kipande cha kisutu. Tulipokwisha kumwamkia mama, mkubwa wetu akamweleza yote kabla ya kuifungua, na la kuipangusa kwa kanga pia. Mama alinyamaza. Akaifungua, akapitisha kidole juu ya maua, juu ya vifungo, akavitambua. Kisha akaweka kidole juu ya kioo, pale penye weupe.

"Mkono wake ulikuwa hapa," akasema. Na baada ya muda, "Mngeniambia siku ile ile, wanangu. Mwaka mzima mnaniambia bado."

Hakutugombeza zaidi ya hapo, na afadhali angetugombeza.

Tulitafuta msumari wa kuitundika, akakataa. Chumba chake ndicho anachosalia, na mama hatundiki picha ya kiumbe anaposali. Tunajua wanazuoni wamekhitilafiana juu ya picha ya kamera, na fatwa si kazi yetu. Kila mmoja amuulize anayemwamini katika elimu yake. Mama aliizungushia kisutu akaiweka kabatini, juu ya kanga zake. Fremu tuliyoihangaikia iwe pambo la ukuta imekuwa kitu cha kutolewa wageni wakija. Tunaambiwa huitoa mara nyingi, hata wasipokuja wageni.

Dada zetu, pambeni nyumba zenu, Allah ni Mzuri na anapenda uzuri. Lakini fungueni kwanza ile droo ya chini. Kama mna kitu cha mtu, kirudisheni wiki hii. Kama kimeharibika, semeni kabla ya kukipamba. Allah atusamehe sisi na nyinyi, awarehemu wazee wetu waliotangulia na awape afya waliobaki. Amin.